Chupa Mbili za Tindikali na Neno Moja "Kali": Uchambuzi wa Kisa cha Maabara

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya shule ya sekondari ninayofundisha kemia, kwenye kipindi cha vitendo cha kidato cha tano. Nimeamua kukiandika kwa ukamilifu kwa sababu meza tatu za wanafunzi, zikitumia chupa zilezile mbili za tindikali, zilitoa majibu matatu yasiyopatana, na yote matatu yalikuwa na makosa, ingawa vipimo vya meza mbili kati ya hizo havikuwa na dosari yoyote. Mwanafunzi anapopima vibaya, mwalimu anajua pa kuanzia. Anapopima vizuri kisha akakosea, inabidi kulirudia wazo lenyewe, na mara nyingine hata neno analotumia kulifikiria wazo hilo.

Chupa ya kwanza, niliyoiandika herufi A, ilikuwa na tindikali ya haidrokloriki yenye moli 0.1 kwa kila lita (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli). Chupa ya pili, B, ilikuwa na tindikali ya ethanoiki, ndiyo ile inayoipa siki uchachu na harufu yake, nayo pia ikiwa na moli 0.1 kwa kila lita. Mimi na fundi wa maabara tulizitengeneza asubuhi ile kwa kuzimua akiba iliyokuwa kabatini, tukazihakiki. Swali nililoandika ubaoni lilikuwa fupi: linganisheni nguvu ya tindikali hizi mbili. Sikuwaelekeza njia. Kwa kuwa tuna mita moja tu ya pH (kipimo ambacho namba ikiwa ndogo, utindikali ni mkubwa), na fenolfthalini, kiashiria kinachoonyesha kwa rangi tindikali inapokwisha, ilikuwa imebaki kidogo kwenye kitako cha chupa, meza ya kwanza ilipewa fenolfthalini, ya pili mita, na ya tatu kiashiria kingine, methili oranji.

Meza ya kwanza ilivuta kwa pipeti mililita 25 za kila tindikali, ikadondoshea kutoka kwenye bureti sodiamu haidroksaidi, alkali inayoimaliza tindikali, yenye moli 0.1 kwa lita. Chupa A ilihitaji mililita 25.1 na chupa B mililita 25.0. Nilisimama pembeni yao walipokuwa wakimalizia B: tone liliingia, wingu la waridi likatanda pale lilipoangukia, likafifia chupa ilipozungushwa, likaja tone jingine, na safari hii rangi ikabaki, hafifu kama ya ndani ya kombe la pwani. Kazi safi kabisa. Msichana aliyekuwa akisoma bureti akaniambia, "Mwalimu, zote mbili zimekula sodiamu haidroksaidi kiasi kilekile. Ukali wake ni mmoja."

Meza ya pili ilizamisha mita, ikasoma 1.1 kwa A na 2.9 kwa B. Kwa kuwa 2.9 inakaribia mara tatu ya 1.1, waliandika kwamba A ni kali karibu mara tatu kuliko B. Meza ya tatu ilipata mililita 25.2 kwa A, rangi ikabadilika ghafla kutoka nyekundu hadi njano kwa tone moja au mawili. Kwa B mambo yalikuwa mengine: rangi ilihama polepole tangu mwanzo, kila mmoja akaona mwisho mahali pake, na vipimo vitatu vikawa 5.2, 7.9 na 6.4. Walichukua wastani, 6.5, wakahitimisha kwamba nguvu ya B ni robo ya nguvu ya A.

Kabla ya kuichambua meza moja moja, nianze na neno. Vitabu vyetu vya kidato cha tano ni vya Kiingereza, na humo nguvu ya tindikali na ukolevu wake vina maneno mawili tofauti. Mezani, hata hivyo, wanafunzi walijadiliana kwa Kiswahili, kama wanavyofanya siku zote mwalimu anapogeuka, na neno lililokuwa midomoni mwao lilikuwa moja tu: kali. Pilipili ni kali, kisu ni kikali, jua ni kali, siki ni kali, chai ya rangi iliyojazwa majani ni kali, na pombe ya kutonesha ni kali. Tindikali yenyewe inabeba "kali" ndani ya jina lake. Mtu akisema "tindikali kali", hujui kama anamaanisha iliyokolea, iliyo na nguvu kwa asili yake, inayounguza ngozi, au iliyo na pH ndogo. Meza ya kwanza na ya pili zilikuwa zinabishana kwa neno moja juu ya mambo mawili, na hakuna aliyegundua.

Siilaumu lugha. Kiswahili kina neno zuri mno la kutusaidia hapa, nalo ni kukolea. Chumvi imekolea, sukari haijakolea, rangi ya kitambaa imekolea: kinachosemwa daima ni kiasi kilichotiwa, si tabia ya chumvi wala ya rangi yenyewe. Ukolevu wa tindikali, basi, ni moli ngapi zimetiwa ndani ya lita moja. Nguvu ni jambo la tabia: molekuli ya tindikali ikiingia majini, inaiachia ayoni yake ya haidrojeni, yaani chembe ya haidrojeni yenye chaji ya umeme, kwa wepesi gani? Kitu cha tatu ni pH, ambayo inaeleza ayoni ngapi za haidrojeni ziko huru ndani ya maji wakati huohuo unapopima. pH huzaliwa na ukolevu na nguvu kwa pamoja, na ndiyo maana haiwezi, ikiwa peke yake, kukuambia lolote la hakika kuhusu mojawapo.

Haidrokloriki ni tindikali ya nguvu. Katika maji, molekuli zake zote huachana, kila moja ikatoa ayoni ya haidrojeni na ayoni ya kloraidi, kiasi kwamba moli 0.1 za tindikali hutoa moli 0.1 za ayoni. Ethanoiki ni dhaifu: kwa ukolevu uleule, molekuli kama 13 tu kati ya kila 1,000 huwa zimeachana, na zilizobaki 987 bado ni nzima. Ayoni huru basi ni moli 0.0013 hivi kwa lita.

Niliwaeleza kwa mfano wa bweni, kwa kuwa wao ni wa bweni. Chukua mabweni mawili, kila moja lina wanafunzi 1,000. La kwanza wote wako nje uwanjani. La pili wako nje 13, wengine wako ndani, na desturi ya bweni hilo ni kwamba wakiondoka walio nje, wengine hutoka kuziba nafasi. Ukisimama getini na kuhesabu walio uwanjani, utaona tofauti kubwa. Ukileta basi la kuwachukua walio nje, ukawapeleka, ukarudi tena na tena mpaka uwanja uwe mtupu na mlango usitoe mtu mwingine, utakuwa umesafirisha 1,000 kutoka kila bweni. Mita ya pH ndiyo anayehesabu getini, na sodiamu haidroksaidi ndiyo basi. Meza ya kwanza ilijaza basi mpaka mwisho. Ilichopima ni idadi ya waliosajiliwa, yaani ukolevu, na kwa hilo jibu lao lilikuwa sahihi hadi sehemu ya kumi ya mililita. Kosa lilikuwa ni kuliita jibu hilo nguvu.

Kosa la meza ya pili linahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa ndilo ninaloliona hata kwa watu waliosoma. Namba za pH hazigawanywi moja kwa nyingine. Kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi: pH 2 ina ayoni huru mara kumi ya pH 3, na mara 100 ya pH 4. Tofauti ya 1.1 na 2.9 ni hatua 1.8, na kumi ikipandishwa kwa 1.8 ni karibu 63. Kwa hiyo mita ilikuwa inawaambia kwamba ayoni huru za A ni mara 63 za B, nao wakaandika tatu.

Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyeongoza idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na kiwanda cha bia. Alikuwa akichunguza vimeng'enya, ambavyo utendaji wake hubadilika sana kwa mabadiliko madogo ya ayoni za haidrojeni, na alichoka, nadhani kwa haki kabisa, kuandika namba kama 0.0000001. Badala ya kuandika namba yote, alichukua kipeo chake cha kumi, akaiondolea alama ya kutoa, na 0.0000001 ikawa 7. Ni kifupisho tu. Lakini kifupisho hicho kina matokeo mawili ambayo mwanafunzi lazima ayazoee kama anavyozoea kuendesha upande wa kushoto: namba inapopungua, ayoni zinaongezeka; na hatua moja ndogo kwenye kioo cha mita ni safari ndefu ndani ya chupa.

Mwanafunzi mmoja wa meza hiyo aliuliza swali ambalo sikulitarajia kwa kidato cha tano. Kama A ina moli 0.1 za ayoni, pH yake ingekuwa 1.0 kamili, sasa 1.1 imetoka wapi? Na kwa hesabu za kitabu, 0.1 ikigawanywa kwa 0.0013 ni zaidi ya mara 70, si 63. Sehemu ya jibu ni kwamba mita yetu husoma hadi desimali moja tu. Sehemu nyingine, iliyo muhimu zaidi, ni kwamba ayoni zikiwa nyingi huvutana na kubanana, kila moja ikafanya kazi pungufu kidogo kuliko ingekuwa peke yake, na mita hupima kazi inayofanyika, haihesabu vichwa. Sørensen mwenyewe alilirekebisha hilo mwaka 1924 akiwa na Kaj Linderstrøm-Lang. Nilifurahi sana kwa swali lile, na niliandika alama yake pembeni ya ripoti.

Hata hivyo, hata hiyo 63 si kipimo cha nguvu. Nilimwomba fundi azimue kila chupa mara kumi. pH ya A ilipanda kutoka karibu 1 hadi karibu 2, hatua moja kamili kama inavyotazamiwa. Ya B ilitoka 2.9 ikafika 3.4, nusu hatua tu, kwa sababu maji yalipoongezeka, molekuli nyingi zaidi ziliachana: badala ya 13 kati ya 1,000 sasa ni kama 42. Ukilinganisha chupa hizi mpya, A ina ayoni huru mara 25 hivi za B. Je, nguvu ya ethanoiki imeongezeka kwa kutiwa maji? Haikuongezeka hata kidogo. Kinachobaki palepale, utie maji usitie, ni konstanti ya mtengano, inayoandikwa Ka: zidisha ayoni za haidrojeni kwa ayoni za ethanoeti (sehemu inayobaki molekuli ya ethanoiki ikiachia haidrojeni), gawanya kwa molekuli zilizobaki nzima, na katika nyuzi 25 utapata takriban 1.8 × 10⁻⁵ katika chupa ya kwanza na katika chupa iliyozimuliwa. Hiyo ndiyo nguvu ya tindikali ikiwa namba.

Namba hiyo pia inaonyesha kwa nini udhaifu hauwezi kufidiwa kwa kukoleza. Ukitaka ethanoiki ikupe moli 0.1 za ayoni huru kwa lita, yaani pH 1, hesabu inadai moli zaidi ya 550 katika kila lita. Ethanoiki tupu, bila tone la maji, ina moli 17 hivi tu kwa lita. Hakuna chupa duniani itakayotosha.

Hapa lazima niseme jambo la usalama, kwa sababu lilitokea mbele ya macho yangu. Wakati wa kurudisha vifaa, kijana mmoja aliyekwisha kusikia kwamba ethanoiki ni dhaifu alinyoosha mkono mtupu kuichukua chupa ya akiba, ile isiyozimuliwa, ambayo shingo yake ilikuwa na unyevu. Nilimzuia akiwa hatua moja tu. Ethanoiki ya moli 17 huunguza ngozi na mvuke wake hukaba pumzi, na udhaifu wake wa kikemia haumlindi mtu. Mfano mzito zaidi, ambao kwa bahati njema hauko kwenye makabati ya shule, ni tindikali ya haidrofloriki: kwa Ka yake inahesabiwa miongoni mwa dhaifu, lakini inakula kioo, na ikiingia mwilini hufunga madini ya kalisiamu na inaweza kuua. "Dhaifu" ni habari ya ayoni ngapi zinaachiwa majini, basi.

Meza ya tatu sitaichambua kwa urefu uleule, kwa kuwa kosa lake lilianza kwangu niliyewapa kiashiria. Methili oranji hubadilika rangi kati ya pH 3.1 na 4.4. Kwa haidrokloriki hilo halina tatizo, kwa kuwa pH yake hubaki chini karibu muda wote kisha huruka ghafla, ikipita 4 na 7 na 9 ndani ya matone machache, na kiashiria chochote, methili oranji au fenolfthalini, hulikamata ruko hilo. Ethanoiki huanza ikiwa 2.9, mlangoni mwa methili oranji, na mililita chache tu za sodiamu haidroksaidi huisogeza taratibu katikati ya eneo lote la kubadilika rangi, ikamaliza njano kwenye mililita nane hivi, wakati tindikali kama theluthi mbili haijaguswa. Mahali tindikali hiyo inapokwisha kweli, maji yana pH ya karibu 8.7, kwa sababu ethanoeti iliyobaki ina ualkali kidogo, na hapo fenolfthalini, inayobadilika kuanzia 8.2 hivi, ndiyo inayofaa. Vipimo vitatu vinavyotofautiana kwa karibu mililita tatu vilikuwa vinapiga kelele kwamba kuna kasoro. Wastani uliwanyamazisha. Hilo niliwaambia kwa msisitizo kuliko jambo jingine lolote siku ile.

Juma lililofuata nilileta chupa ya tatu. Nilichukua mililita 13.4 za chupa A, nikajaza maji yaliyotoneshwa mpaka lita moja, nikaiandika C. Niliwataka meza ya pili wapime B na C kwa mita. Zote zilisoma 2.9. Kisha nikauliza darasa zima, kabla ya mtu kugusa bureti: mililita 25 za kila moja zitahitaji sodiamu haidroksaidi kiasi gani? Walio wengi walisema sawasawa, kwa kuwa pH ni moja. Wachache walisita. Yule msichana wa meza ya kwanza alinyamaza akiandika hesabu kwenye kiganja chake.

Alikuja yeye kwenye bureti. Kwa B, kama juma lililopita, mililita 25. Kwa C alifungua bomba polepole, tone moja moja, na darasa likahesabu naye kwa sauti. Tone la tano, hakuna kitu. La sita, wingu la waridi likaja likaondoka. La saba likakaa. Matone saba, theluthi moja ya mililita, dhidi ya mililita 25. Palikuwa na kimya kabla ya kelele. Kwenye kiganja alikuwa ameandika 0.33.

Mabasi yale ya bweni yalieleweka hapo. C ina watu wachache, wote wako uwanjani. B ina watu wengi, na walio uwanjani ni wachache kama wale wa C. Aliyesimama getini haoni tofauti. Kwa maisha ya kawaida tofauti hiyo si ndogo: siki ya asilimia 5 ina pH ya karibu 2.4, na haidrokloriki iliyozimuliwa mpaka pH hiyohiyo ingekuwa na tindikali chini ya moja katika 200 ya ile iliyomo kwenye siki. Ukitaka kuondoa ukoko mweupe wa chokaa ndani ya birika, siki ndiyo yenye akiba ya kuumaliza, ijapokuwa ni dhaifu.

Swali langu la kwanza ubaoni, linganisheni nguvu, lilibaki bado halijajibiwa kwa kipimo chao wenyewe, na sikutaka waichukue Ka kutoka kitabuni. Kwa hiyo tuliwapa meza ya tatu mita, pamoja na chupa B. Walidondosha sodiamu haidroksaidi mililita moja moja, wakazungusha, wakasubiri mita itulie, wakaandika. Niliwaambia waitazame hasa mililita 12.5, nusu ya safari, mahali ambapo nusu ya tindikali imekwisha kugeuka ethanoeti na nusu bado ni nzima. Hapo namba mbili za kwenye hesabu ya Ka hukatana, na kinachobaki ni ayoni za haidrojeni peke yake, kwa hiyo pH unayoisoma ni Ka yenyewe kwa kifupisho cha Sørensen. Mita ilitulia kwenye 4.7. Walipoigeuza, walipata 2.0 × 10⁻⁵, nao wakaiandika hivyohivyo, bila kuisukuma ifanane na 1.8 ya kitabu.